Sura ya Sita: Tone Ndani ya Mrututu

Kabla mtu hajalala kwenye kitanda cha kutoa damu kuna kipimo kimoja kidogo ambacho nakipenda kuliko vyote. Anachomwa ncha ya kidole. Tone la damu linavutwa kwa mrija mwembamba wa kioo, kisha linaachiwa lianguke ndani ya kichupa chenye maji ya buluu iliyokolea. Muuguzi anainama kutazama, na mwenye kidole naye anainama. Ni nadra aliyechomwa akaangalia pembeni. Tone likizama moja kwa moja mpaka chini, damu ina uzito, mwenyewe apande kitandani. Likisuasua katikati au likapanda juu, ataambiwa kwa upole arudi nyumbani, ale sombe na maharagwe, na nyama akiipata, aje siku nyingine. Kipimo chote hakizidi sekunde 15.

Maji yale ni mrututu. Wazee wengi wanaukumbuka kwa sababu walipakwa kwenye vidonda utotoni wakaruka kwa uchungu. Watu wa maabara wanauita salfeti ya shaba. Ukiukoroga kwenye maji mpaka uzito wake ufike mara 1.053 ya maji matupu, tone lenye hemoglobini ya gramu 12.5 au zaidi kwa desilita litazama, na lililopungua litaelea. Wanasayansi wa Marekani waliibuni njia hii wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na imedumu katika vituo vingi vya Afrika kwa sababu haiombi umeme, na umeme wenyewe tunaujua.

Nimeanza na mrututu kwa kuwa nataka kuzungumzia Kambove, na aliyetaja Kambove ametaja shaba. Mji huu wa Katanga, nchini Kongo, uko kilomita 25 hivi kaskazini-magharibi ya Likasi, ile iliyoitwa Jadotville enzi za Wabelgiji. Reli ilifika hapa mwaka 1913 ikifuata mgodi wa Union Minière, kampuni ambayo baada ya uhuru iligeuka kuwa Gécamines. Mwaka uliofuata, mwezi Machi 1914, daktari mmoja wa Brussels, Albert Hustin, alichanganya damu ya binadamu na sitrati ya sodiamu isigande, akamwongezea mgonjwa wake. Kabla ya hapo mtoaji na mpokeaji ilibidi walazwe ubavu kwa ubavu, damu itoke huku iingie kule kabla haijaganda. Walionana uso kwa uso. Sitrati ndiyo iliyowatenganisha. Kuanzia hapo damu iliweza kukaa kwenye chupa ikimsubiri mtu ambaye mtoaji hamjui na hatamjua.

Kwa maoni yangu, karibu kila tatizo nitakalolieleza katika sura hii lilizaliwa na chupa ile. Dunia ya matibabu ilihamia kwenye chupa. Kambove, kama sehemu nyingi za Afrika, iliendelea kutoa damu ubavu kwa ubavu.

Chukua tukio ambalo muuguzi yeyote wa Katanga atalitambua. Mtoto wa miaka miwili analetwa na mama yake, malaria imemla siku nne. Viganja vyake vimekuwa vyeupe, midomo pia, anapumua kama aliyetoka kukimbia. Hemoglobini ni gramu 4. Muuguzi anamgeukia mama: "Mama, mutoto hana na damu. Bandugu bako wapi? Bakuye bapimwe." Mama anatoa simu kwenye fundo la kitenge. Katika robo saa inayofuata ukoo mzima unahesabiwa. Baba wa mtoto yuko machimboni, simu haishiki. Mjomba alitoa mwezi uliopita kwa mke wa jirani. Shangazi ananyonyesha. Mama mdogo anafika mbio, anapimwa, kundi lake haliendani na la mtoto. Anabaki kijana mmoja, mtoto wa baba mdogo, ambaye muda wote amekaa chini ya mwembe uani akiangalia ndara zake. Hakuna aliyemwambia neno. Wanawake wanamtazama tu. Anainuka.

Kesho yake ukimpa kijana huyo fomu yenye swali "Kwa nini umetoa damu?" ataandika kwamba alitaka kuokoa maisha. Hadanganyi. Lakini fomu haikuwaona wale wanawake. Watafiti wanaouliza watoaji sababu zao hupata majibu mazuri mazuri: huruma, utu, dini. Ni majibu ya kweli kwa kiasi fulani, ila mtu akiulizwa kwa nini alitenda jema, ulimi unachagua neno la heshima. Ningependa zaidi kujua angefanya nini endapo wanawake wasingekuwepo pale mwembeni, na mtoto angekuwa wa mtu asiyemjua.

Hesabu za Shirika la Afya Duniani zinatoa jibu la jumla. Katika nchi tajiri, kwa kila watu 1,000, damu hutolewa mara 31.5 kwa mwaka. Katika nchi maskini ni mara 5. Na wanaohitaji ni watu tofauti kabisa. Kule Ulaya damu nyingi huwaendea wenye umri wa zaidi ya miaka 60, kwa upasuaji wa moyo na tiba ya saratani. Huku kwetu zaidi ya nusu huwaendea watoto ambao hawajatimiza miaka mitano, nyingine kina mama waliovuja damu wakijifungua, na wenye siko seli, ambao Kongo ina wengi kuliko karibu nchi zote duniani. Yaani mwenye kuhitaji damu hapa kwa kawaida ni mtoto au mama yake. Ukifikiria hivyo, ile tarakimu ya 5 inatia uchungu, na wepesi wa kusema "Waafrika hawapendi kutoa" unakuja haraka mdomoni.

Ni uongo. Wanatoa. Damu nyingi inayoongezwa katika hospitali za Kongo imetoka kwa ndugu wa mgonjwa, na ndugu hao wengi walikuja usiku, kwa miguu, bila kuahidiwa chochote zaidi ya chupa ya sukre, yaani soda. Sera ya nchi inataka mtoaji wa kujitolea, asiyelipwa, asiyemjua mpokeaji, arudie mara kwa mara. Wananchi wanajua utoaji mwingine: kuna mtu, ana jina, yuko kitanda cha tatu, na mimi ni nani wake. Tuna methali isemayo undugu ni kufaana, si kufanana. Kambove wanaichukua kwa maana yake kamili.

Tena huu si ugeni wa jana. Damu kutoka mwilini mwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine ilikuwa jambo la mkataba katika nchi hizi kabla ya sindano. Mwezi Aprili 1876 msafiri Stanley na mtemi Mirambo wa Unyamwezi walichanjiana: mguu ukachanjwa, damu ikabadilishana, wakawa ndugu. Bayeke, watu wa mfalme Msiri, walioweka makao yao Bunkeya katika Katanga hii hii, walitoka pande zile za Mirambo na waliijua desturi hiyo. Angalia umbo la kitenzi chenyewe: kuchanjiana. Huwezi kuchanjiana na mtu asiyejulikana. Anayetoa anapokea, na kuanzia siku ile kuna deni pande zote mbili. Muuguzi anapomwomba kijana atoe damu iende kwenye friji, kwa mtu yeyote, anamwomba atende nusu ya tendo, nusu nyingine isiwepo.

Utaratibu wa ndugu una ubaya wake, na ubaya huo unaonekana zaidi katika mji wa mgodi kuliko kijijini. Kambi za Kambove na Likasi zilijengwa na watu waliotoka mbali: Kasai, Maniema, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai kwa maelfu walifukuzwa Katanga. Walilala kwa wiki na miezi kwenye kituo cha reli cha Likasi wakisubiri treni. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa kiinua mgongo cha mara moja wakaondoka kazini, na koo zikatawanyika tena kutafuta maisha. Sasa shaba na kobalti zinaleta wachimbaji wa mikono kutoka kila pembe, kijana na sepetu yake, amepanga chumba na wenzake watatu. Akiangukiwa na shimo, muuguzi atauliza swali lile lile: bandugu bako wapi?

Hapo ndipo anapozaliwa ndugu wa bandia. Popote Afrika ambapo hospitali imedai damu ya ndugu na mgonjwa hana ndugu, nje ya geti amepatikana kijana mwenye njaa ambaye kwa falanga kidogo yuko tayari kuitwa mdogo wa mgonjwa. Anajua majibu yote: hajaumwa, hana mchumba mwingine, hajatoa mwaka huu. Huyu ndiye mtoaji wa hatari, maana ana sababu ya kusema uongo. Kongo ilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Miaka ya 1980, watafiti katika hospitali ya Mama Yemo mjini Kinshasa walionyesha jinsi watoto waliougua malaria, wakaishiwa damu, wakaongezewa, walivyoambukizwa virusi vya UKIMWI kwa chupa ile ile iliyowaokoa. Leo kila mfuko unatakiwa kupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, pale vipimo vinapopatikana.

Ndugu wa kweli yuko katikati, na watu wa mpango wa damu wamekuwa wakimdharau bure. Jean-Pierre Allain, aliyekuwa profesa wa Cambridge na kufanya kazi miaka mingi Kumasi, Ghana, amebishana kwa takwimu kwamba ndugu anayetoa kwa mara ya kwanza si hatari kuliko mtu wa kujitolea anayetoa kwa mara ya kwanza. Anayepunguza hatari ni yule anayerudi, kwa sababu ameshapimwa jana, mwaka jana, na mwaka juzi. Mimi nakubaliana naye. Ndugu aliyeinuka chini ya mwembe ameshavuka ngazi ngumu kuliko zote, ile ya kwanza. Swali ni kwa nini hakuna anayemfuata tena kumwomba ya pili.

Hofu nayo ina sehemu yake. Kuna hofu ya sindano, kuna hofu ya kuambiwa una ugonjwa, na kuna wanaokuja makusudi kupimwa bure, jambo linalowaumiza wauguzi vichwa. Mwanamume wa machimboni anaogopa nguvu zitamwisha. Anachukuliwa mililita 450 hivi, pungufu kidogo ya nusu lita, kati ya lita tano alizonazo mtu mzima. Maji yake hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Lakini anayebeba mifuko ya mawe kwa ujira wa siku hawezi kulipwa kwa hoja ya wiki kadhaa, na sioni aibu yoyote katika hesabu yake.

Hofu inayonishughulisha mimi ni nyingine, ya zamani. Katika kambi za migodi za Katanga watoto walionywa wasitembee usiku: batumbula watawakamata. Ilisemekana ni watu wanaofanya kazi kwa wazungu, wanamnasa mwenzao gizani, na hatarudi. Pwani jina lao lilikuwa mumiani, na wao walitafuta damu. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, Rhodesia ya Kaskazini banyama. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya simulizi hizi mwaka 2000, na kabla yake, mwaka 1975, Rik Ceyssens alikuwa ameandika juu ya mutumbula akimwita hekaya ya mkandamizwa. Daktari anayezicheka hizi habari hajaelewa anakofanyia kazi. Ardhi ya Kambove imetolewa shaba kwa zaidi ya miaka 100, halafu kobalti. Katika teritwari hii hii ndipo lilipo shimo la Shinkolobwe, ambako ilichimbwa urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwezi Agosti 1945. Vyote vilitoka, vikaenda mbali, kwa watu wasioonekana, na aliyebeba akabaki na vumbi. Anapokuja mtu mwenye koti jeupe na sindano akisema nipe kidogo, itakwenda kwa mtu usiyemjua, mzee wa Kambove ameshausikia wimbo huo.

Na hofu hiyo haiishi kwa kuwa hospitali ina lishe ya kuipa. Neno linalofukuza watoaji kuliko sindano yoyote ni "wanauza". Kijana ametoa bure. Wiki moja baadaye shangazi yake amelazwa, damu ipo kwenye friji, na ameandikiwa karatasi ya malipo. Ukweli ni kwamba mfuko mtupu una bei, vitendanishi vya vipimo vina bei, mafuta ya jenereta yana bei, na katika nchi ambayo mgonjwa hulipia karibu kila kitu, bei hizo humwangukia mgonjwa. Muuguzi akiulizwa, hujibu kwamba damu haiuzwi, kinacholipiwa ni huduma. Jibu ni sahihi, na halimshawishi mtu. Nimewahi kulisikia likitolewa dirishani, katika mji mwingine ambao sitautaja, na aliyejibiwa alikunja karatasi yake taratibu, akauliza: basi nirudishieni yangu ya bule, hiyo ya huduma mbaki nayo.

Kuna wanaodhani dawa ni kumlipa mtoaji pia. Mwaka 1970 Mwingereza Richard Titmuss aliandika kwamba fedha huharibu utoaji wa damu: huleta damu mbaya na kuwafukuza watu wema. Baadhi ya wachumi walimpinga. Mwaka 2008 Waswidi wawili, Mellström na Johannesson, walimjaribu kwa wanafunzi wa Göteborg. Wanawake walioombwa bure kuanza safari ya kuwa watoaji walikubali kwa asilimia 52. Walioahidiwa krona 50, kama dola 7, walikubali asilimia 30 tu. Walioambiwa wanaweza kuipeleka fedha hiyo kwa wahitaji walirudi kwenye asilimia 53. Kwa wanaume fedha haikuleta tofauti ya kueleweka. Utafiti mwingine, wa Marekani, ulionyesha kwamba zawadi ndogo, kama kadi ya dukani, huwaleta watu wengi zaidi bila kuharibu damu. Kwa hiyo suala halijafungwa. Ila Göteborg mtoaji ana uhakika na friji, na hajawahi kusikia kwamba kuna anayeuza. Ukileta dola 7 Kambove, kesho asubuhi geti litajaa, na wengi wao watakuwa ndugu wa bandia. Chupa ya sukre ibaki chupa ya sukre. Mkono mtupu haulambwi, lakini mkono uliojaa noti humwita mtu mwingine kabisa.

Tuwatazame waliorudi. Zimbabwe mwaka 1989 vijana waliounda klabu waliahidi kutoa damu mara 25 kabla ya kufika miaka 25, na kulinda maisha yao ili damu iendelee kufaa. Nchi nyingi zimewaiga. Mashia Ithnaasheri wa Dar es Salaam na Mombasa hutoa damu siku za Ashura, kwa jina la Imamu Hussein. Nairobi, Septemba 2013, baada ya shambulio la Westgate lililoua watu 67, foleni zilijaa Uhuru Park, matajiri kwa maskini, Wahindi, Wasomali, Wakikuyu, mikono ya mashati imekunjwa. Hao wote walitoa kwa wasiowajua. Lakini sikiliza vizuri: hakuna aliyetoa kwa "mtu yeyote". Kijana wa Zimbabwe aliwapa wenzake wa klabu neno lake. Mshia alitoa kwa Hussein. Mkenya siku ile alitoa kwa Mkenya. Kila mara kulikuwa na jina, na kulikuwa na watu wa kumwona akiinuka. Foleni ya Nairobi ilipungua jina lilipopoa. Klabu ya vijana ilidumu kwa sababu walionana tena mwezi uliofuata.

Kambove ina majina ya namna hiyo tele. Kuna kwaya, kuna parokia, kuna chama cha kina mama wa likelemba wanaokusanyana kila wiki wakijua nani amechanga na nani bado, kuna timu za mpira, kuna wachimbaji wa shimo moja. Likelemba ni kuchanjiana kwa fedha: leo wewe, kesho mimi, daftari liko wazi. Kama ningekuwa na sauti katika hospitali yoyote ya wilaya ya afya huko, ningeacha kuchapisha mabango ya tone jekundu lenye tabasamu na ningekwenda kwa mama mshika daftari. Ningemwomba ukurasa mmoja: majina kumi na mawili, kila mwezi watatu. Na ningebandika ukutani, karibu na dirisha la malipo, kwa Kiswahili cha Katanga ambacho kila mtu anakisoma, mfuko ni falanga ngapi, kipimo falanga ngapi, nani analipa nini, na mwenye kutoa anapata nafuu gani siku ya zamu yake.

Kitu cha mwisho nimekiazima Stockholm. Kule mtoaji hupata ujumbe wa simu siku damu yake inapotumika. Hatajiwi mgonjwa, anaambiwa tu kwamba imetumika. Inagharimu karibu bure. Ni dawa ya chupa ya Hustin: inawarudisha mtoaji na mpokeaji ubavu kwa ubavu kwa sekunde moja. Ujumbe huo ukiandikwa "Damu yako imeingia leo kwa mutoto hapa Kambove", yule kijana wa mwembeni atausoma mara mbili, atamwonyesha mwenzake, na batumbula watakuwa wamepoteza mtu mmoja.

Wewe unayesoma, kama una kilo 50 au zaidi na umri kati ya miaka 18 na 65, tone lako likazama kwenye mrututu, unafaa. Mfuko hukaa siku 35 kwenye friji. Mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne.